Wa Kwanza Tunamjua. Wa Pili Alikuja Lini?

Sisi Wakenya tunapenda sana neno "wa kwanza." Wa kwanza kutoka kijiji chetu kupanda ndege. Wa kwanza kwa ukoo kufika chuo kikuu. Msichana wa kwanza hapa, kijana wa kwanza pale. Tunachanga, tunachinja mbuzi, tunapiga picha, halafu kila mtu anarudi kwake. Mimi mwenyewe nimechinjiwa huyo mbuzi, kwa hivyo siongei nikiwa mbali.

Leo nataka tuongee kuhusu mchezaji mmoja wa Canada ambaye stori yake imenifanya niliangalie hilo neno upya. Anaitwa Willie O'Ree. Ndiye mtu mweusi wa kwanza kucheza NHL, ile ligi kubwa ya hoki ya barafu ya Canada na Marekani.

Najua unachowaza. Ukimwambia Mkenya "hoki," akili inaenda City Park, magongo na jua kali. Hii ni nyingine. Hii inachezwa kwenye barafu, viatu vina vyuma vya kutelezea, na badala ya mpira kuna kisahani cha mpira mgumu kama jiwe. Kila timu ina watu sita uwanjani, kipa akiwemo, na kugongana mabega ni sehemu ya mchezo. Hata hapa Nairobi kuna vijana waliojifunza kuicheza pale hoteli ya Panari, Mombasa Road, wakajiita Ice Lions. Kwa hivyo usiseme si mambo yetu.

Sasa tuanze mwanzo.

O'Ree alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1935 mjini Fredericton, mkoa wa New Brunswick, mashariki ya Canada. Alikuwa kitinda mimba kwenye familia ya watoto 13. Mababu zake walikuwa wametoroka utumwa kule Marekani. Familia za watu weusi mjini hapo zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Lakini baridi haichagui rangi, na kule wakati wa baridi kila maji yanaganda. Willie alianza kuteleza kwenye barafu akiwa na miaka kama mitatu hivi. Kaka yake mkubwa, Richard, ndiye aliyemfundisha mchezo, pamoja na namna ya kugongwa, kuanguka na kuinuka.

Na kabla hujafikiri kwamba mtu mweusi kwenye barafu ni kitu kilichoanza na yeye, hebu subiri. Mwaka 1895, kule Nova Scotia, mkoa jirani na kwao, watu weusi walianzisha ligi yao wenyewe ya hoki, nyuma yake wakiwa viongozi wa makanisa ya Kibaptisti. NHL yenyewe ilianzishwa 1917. Yaani ligi ya watu weusi ilitangulia kwa miaka 22! Baadaye kulikuwa na mchezaji anaitwa Herb Carnegie, mkali kweli kweli, ambaye aliwahi kucheza timu moja na Jean Béliveau kabla Béliveau hajawa nyota wa Montreal. Béliveau akapanda NHL. Carnegie hakuwahi kucheza huko hata mechi moja.

Kwa hivyo watu walikuwepo, na vipaji vilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuwafungulia.

Mwaka 1949 Willie akiwa na miaka 13, timu yake ya besiboli ilishinda ubingwa wa mji, zawadi ikawa safari ya New York. Huko wakapelekwa kumwona Jackie Robinson, yule aliyevunja ubaguzi kwenye besiboli ya Marekani mwaka 1947. Dogo akamwambia mzee kwamba yeye anacheza besiboli, lakini mchezo anaoupenda zaidi ni hoki. Robinson akashangaa. Hakujua kuna watoto weusi wanaocheza hoki. Miaka 13 baadaye walikutana tena Los Angeles, na Robinson akamkumbuka yule mtoto wa hoki.

Sasa ingia kwenye sehemu ambayo wengi hawaijui.

Msimu wa 1955–56 O'Ree alikuwa kwenye ligi ya vijana, mji wa Kitchener, mkoa wa Ontario. Siku hizo hakuna kofia ngumu wala kioo cha kukinga uso. Kisahani kikapigwa kwa nguvu, kikamjia usoni, kikampata jicho la kulia. Alipozinduka hospitalini, daktari akamwambia jicho limeharibika kabisa na hatacheza tena. Alipoteza takriban asilimia 95 ya uwezo wa kuona kwa jicho hilo.

Alikuwa na miaka 20.

Wiki chache baadaye alikuwa amerudi kwenye barafu. Na hakuwaambia makocha wala wenye timu. Siri hiyo aliijua dada yake mmoja, na akamwomba asimwambie mtu, hata wazazi. Kwa nini afiche? Ju NHL ilikuwa na sheria iliyosema wazi kwamba mchezaji mwenye jicho moja linaloona haruhusiwi kucheza. Na sheria hiyo haikuwekwa kwa chuki. Iliwekwa kwa sababu ukipigwa kwenye jicho lililobaki, ndio basi, umekuwa kipofu.

Sitakuja hapa kukuambia ufiche ugonjwa ili uonekane shujaa. Kama una tatizo, sema. Ninachotaka uone ni hesabu aliyokuwa akiipiga huyu kijana. Mlango ulikuwa mdogo tayari kwa sababu ya ngozi yake. Angesema ukweli kuhusu jicho, ungefungwa kabisa. Akaamua kubeba yote mawili kimya kimya.

Tena fikiria ilivyokuwa uwanjani. Yeye alikuwa winga wa kushoto. Ukiwa winga wa kushoto unaenda mbele, katikati ya uwanja iko upande wako wa kulia. Pasi zinatoka kulia, na wapinzani wanaokuja kukugonga wengi wanatoka kulia. Na jicho lililokufa ndilo la kulia! Ili aone kisahani kinakuja, ilibidi ageuze kichwa chote juu ya bega, huku anateleza kwa kasi na huku mtu mzima anamjia kama matatu iliyokosa breki. Maze, jaribu kufunika jicho moja uvuke Jogoo Road saa kumi na moja jioni, halafu uniambie.

Mwaka 1956 alialikwa pia kwenye majaribio ya besiboli huko Waycross, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Huko alikutana na ubaguzi wa sheria kabisa, wa mabango: weupe hapa, weusi pale. Hakuchaguliwa. Akarudishwa nyumbani kwa basi, safari ya siku tano. Mwenyewe amesimulia kwamba alipopanda alikaa nyuma kabisa, kwa sababu hapo ndipo mweusi aliporuhusiwa. Kadiri basi lilivyozidi kwenda kaskazini ndivyo alivyosogea kiti kwa kiti, na alipofika Canada alikuwa amekaa mbele. Humo ndani ya basi akaamua kuachana na besiboli na kushika hoki.

Tarehe 18 Januari 1958, timu ya Boston Bruins ilikuwa na pengo kikosini, ikamwita kutoka timu ya Quebec Aces. Mechi ilikuwa Montreal, dhidi ya Montreal Canadiens, wababe wa enzi hizo. Boston wakashinda 3–0. O'Ree hakufunga, lakini aliingia na akacheza, na historia ikaandikwa. Jackie Robinson alikuwa ameshafungua besiboli karibu miaka 11 kabla. Hoki ilichelewa hivyo.

Alicheza mechi mbili tu, akarudishwa chini.

Alirudi tena msimu wa 1960–61, safari hii kwa mechi 43. Akafunga mabao 4 na kutoa pasi za mabao 10. Bao lake la kwanza alilifunga siku ya mwaka mpya, tarehe 1 Januari 1961, nyumbani Boston, na waliofungwa walikuwa walewale Montreal. Matusi aliyokuwa akiyapata kutoka kwa mashabiki wa baadhi ya miji siwezi kuyaandika hapa. Kule Chicago mchezaji mmoja wa wapinzani alimpiga usoni kwa kitako cha fimbo, akamvunja pua na kumng'oa meno mawili ya mbele. O'Ree naye akamrudishia kwa fimbo yake. Yeye mwenyewe amesema mara nyingi kwamba majina aliyoitwa aliyaacha yapite, lakini mwili wake hakukubali uchezewe.

Msimu ulipoisha, kwa maelezo yake, wakubwa wa timu walimwambia aende nyumbani apumzike vizuri, atarudi msimu ujao. Akaenda Fredericton na furaha yake. Wiki chache baadaye akapata habari kwamba ameuzwa kwa Montreal. Na Montreal ya wakati ule ilikuwa imejaa mabingwa. Wakampeleka timu ya chini, kisha akauzwa tena, mpaka Los Angeles.

Hakucheza NHL tena. Jumla: mechi 45, mabao 4. Alikuwa na miaka 25.

Ukisoma juu juu, stori inaishia hapo. Wa kwanza amepatikana, mbuzi amechinjwa, picha imepigwa. Lakini kwangu stori ndiyo inaanza, kwa sababu kuna maswali mawili hayaulizwi. Yeye alienda wapi? Na wa pili alikuja lini?

Tuanze na yeye. Los Angeles kulikuwa na timu inaitwa Blades, kwenye ligi ya magharibi, ngazi moja chini ya NHL. Kocha wake Alf Pike akamtoa winga ya kushoto akamweka kulia. Basi. Kitu kidogo hivyo. Sasa katikati ya uwanja ilikuwa upande wa jicho lake zima, na hakuhitaji tena kugeuza shingo kama bundi. Msimu wa 1964–65 akafunga mabao 38 na kuongoza ligi nzima. Baadaye akahamia San Diego Gulls, na msimu wa 1968–69 akaongoza tena kwa mabao. Uwezo ulikuwepo siku zote. Miaka yote ile Boston alikuwa anacheza upande usiomfaa, na hangeweza kusema kwa nini haumfai, kwa sababu kusema kungemfukuzisha.

Hapo mimi hukaa nikafikiri. Ni wangapi wetu tunahukumiwa kwa kazi tunayofanya tukiwa tumewekwa winga isiyo yetu?

Alicheza hadi 1979, akiwa na miaka 43. Zaidi ya miaka 20 ya hoki ya kulipwa, kwa jicho moja.

Sasa swali la pili. O'Ree alitoka NHL mwaka 1961. Mchezaji mweusi wa pili, Mike Marson, aliingia mwaka 1974 na timu ya Washington Capitals. Miaka kumi na mitatu! Mtoto aliyezaliwa siku O'Ree alipouzwa alikuwa karibu kutahiriwa kabla NHL haijaona mweusi mwingine.

Watetezi wana majibu. Wanasema ligi ilikuwa na timu sita tu, nafasi hazikufika hata 150 kwa bara zima, hata wazungu wakali walikosa. Ni kweli, mpaka 1967. Mwaka huo timu zikaongezwa kutoka 6 hadi 12, mara mbili kwa mpigo. 1970 zikawa 14. 1972 zikawa 16. Nafasi mia kadhaa mpya zikafunguka, na hakuna hata mmoja mweusi aliyepewa mpaka zilipofika 18.

Watasema O'Ree alikuwa ameshazeeka, tena ana jicho moja. Sawa, nakubali. Lakini hiyo inaeleza O'Ree peke yake. Haielezi kwa nini hakuna mwingine. Ile Nova Scotia iliyokuwa na ligi nzima ya watu weusi mwaka 1895 ilikuwa bado ipo kwenye ramani. Watoto walikuwepo. Hakuna aliyetumwa kuwatafuta.

Na angalia ilivyokuwa pale mtu alipojaribu kutafuta. Msimu uleule Marson alipoingia, timu yake hiyohiyo ikamwita mweusi mwingine, Bill Riley. Miaka 13 bila mtu, halafu wawili kwa msimu mmoja, timu moja. Hiyo inakuambia shida haikuwa upungufu wa watu. Baadaye akaja kipa Grant Fuhr, akabeba ubingwa mara tano na Edmonton. Akaja Jarome Iginla, ambaye baba yake ni Mnigeria, akaongoza ligi nzima kwa mabao msimu wa 2001–02.

Hii ndiyo hoja yangu, na unaweza kunipinga. Kumpata wa kwanza si ushahidi kwamba mlango umefunguka. Wa kwanza anaweza kupita dirishani, kwa bahati, kwa kipaji cha ajabu, au kwa kuficha jicho. Wakubwa wanampiga picha, wanasema "si mnaona, hatubagui," halafu dirisha linafungwa nyuma yake. Wa pili, wa tatu na wa kumi ndio wanaothibitisha kwamba kuna mlango. Kwa hivyo ukisikia kampuni, shule au ofisi inajisifu kuhusu wa kwanza wake, piga makofi, halafu uliza kwa heshima: wa pili je?

Na kazi ya kumleta wa pili haiji yenyewe. O'Ree alipostaafu alifanya kazi ya ulinzi kwenye hoteli moja huko San Diego. Mtu aliyeandika historia, anazunguka kukagua milango usiku. Kwa miaka mingi hata waliopishana naye hawakujua ni nani. Halafu mwaka 1998, akiwa na miaka 62, NHL ikamwita afanye kazi ya kupeleka hoki kwa watoto ambao mchezo huo haukuwahi kuwafikia. Akazunguka mji baada ya mji, akifunga watoto kamba za viatu, akiwaambia barafu ni yao pia. Ligi iliyomwacha nje ikiwa na nafasi mia kadhaa sasa ilimhitaji. Angeweza kukataa. Mimi pengine ningekataa.

Mwaka 2018 aliingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa Hoki. Hakuingia kama mchezaji, maana mabao manne hayakupeleki huko. Aliingia kwenye kundi la wajenzi wa mchezo. Na tarehe 18 Januari 2022, miaka 64 kamili tangu usiku ule wa Montreal, Boston wakaistaafisha jezi yake nambari 22, hakuna mchezaji mwingine wao ataivaa. Alikuwa na miaka 86, akatazama sherehe kwa skrini akiwa kwake San Diego, kwa sababu ya korona. Jina lilikuwa la yule wa kwanza wa 1958, lakini kwa macho yangu aliyekuwa akiheshimiwa ni yule mzee wa 1998.

Sasa turudi kwa mbuzi wangu.

Mimi nilikuwa wa kwanza kwa ukoo wetu kwenda chuo kikuu. Nilifanyiwa harambee, shosho akalia, mjomba akatoa hotuba ndefu hadi chakula kikapoa. Hiyo ni miaka sita iliyopita. Wa pili hajapatikana mpaka leo. Binamu yangu alipata alama za kuingia, lakini hakuna aliyemsaidia kujaza fomu za mkopo kwa wakati, na sasa anaendesha boda pale kwetu. Ni kazi ya heshima, lakini si aliyoitaka. Nikienda ushago ananibeba kutoka stejini, na huwa hataki nilipe.

Nilikuwa nazijua zile fomu. Nilishazijaza mwenyewe. Hakuniuliza, na mimi sikumpigia. Nilikuwa bize na kuwa wa kwanza.

Juzi nilimpigia. Tumepanga tukutane mwisho wa mwezi tuone ni chuo gani bado kinaweza kumpokea na pesa zitatoka wapi. Sijui kama itawezekana. Lakini nimechoka kuonyeshwa kwa wageni kama ile picha ya ukutani, peke yangu.

Na wewe, kama umewahi kuwa wa kwanza mahali popote, geuka uangalie nyuma. Kuna mtu?